SOMO: Juu ya Kuunganisha Vyombo vya Sauti vya Namna Mbili kwa Amplifaya Moja



Mwezi huu nataka kuwafundisha jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana kuwa la mafundi tu. Lakini mkilisoma hata mwisho, mtaona ya kuwa latuhusu sisi sote tuliopewa kazi ya kulitangaza Neno. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi ya kwamba imani huja kwa kusikia. Basi mtu aliyetoka mbali kwa miguu, akapanda na kushuka vilima vyetu vya Rungwe, kisha akaketi kanisani asisikie kwa sababu spika inanguruma, huyo amenyimwa sehemu yake ya ibada, wala kosa si lake.

Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika katika nchi ya Konde mwaka 1891 hawakuwa na spika. Kengele na sauti ya mtu zilitosha. Siku hizi makanisa yetu ni makubwa, mabati yapiga kelele wakati wa mvua, na watu huketi hata nje chini ya migomba. Vyombo tumevinunua kwa sadaka za washarika, pengine kwa fedha za chai na ndizi zilizokusanywa mwaka mzima. Haifai kuvitumia pasipo maarifa.

Nitaanza kwa habari moja niliyoiona kwa macho yangu.

Katika usharika mmoja niliotumikia, alilala katika Bwana mzee mmoja aliyekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi. Alipojua ya kuwa safari yake imekaribia, alimwita mjukuu wake, akanena maneno machache ya kuwaaga Wakristo, na kijana akayarekodi katika simu yake. Siku ya maziko kanisa lilijaa. Wakati ulipofika, kijana akaunganisha simu na amplifaya kwa waya wenye jeki ndogo upande mmoja na plagi ya pini tatu upande wa pili. Tukangoja. Spika zikakaa kimya. Akaongeza sauti, tukasikia uvumi mdogo tu, kama wa upepo katika nyasi. Mtu mmoja nyuma akasema, “Ameyafuta.” Mjane akainamisha kichwa.

Kijana akauchomoa waya kwa mikono iliyotetemeka, na papo hapo sauti ya mzee ikasikika ndani ya simu yenyewe, ndogo, ikiwafikia wale wa benchi la mbele tu. Nikachukua kipaza sauti, nikakishika karibu na ile simu, akaanza tena tangu mwanzo. Ndipo watu wote waliposikia maneno ya mzee wao. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake.

Maneno hayakufutwa, wala simu haikuharibika, wala amplifaya haikuwa na ubovu. Kosa lilikuwa katika waya. Chombo cha namna moja kiliunganishwa na mlango wa namna nyingine. Sababu yake nilifundishwa baadaye na fundi mmoja, nami nawapa ninyi sasa, ili jambo hili lisimpate mjane mwingine.

1. Sauti ndani ya waya

Kipaza sauti huigeuza sauti ya mtu kuwa umeme mdogo unaotikisika kama sauti ile itikisikavyo. Umeme huo hupita katika waya, amplifaya huukuza, na spika huugeuza tena kuwa sauti.

Lakini vyombo havitoi umeme wa kipimo kimoja. Ukiigawa volti moja katika mafungu elfu, kipaza sauti cha kawaida hutoa mafungu machache tu. Simu na kinanda cha umeme hutoa mamia ya mafungu hayo, na pengine hufikia volti nzima. Vyombo vya nyumbani vimewekewa kipimo cha volti 0.316 hivi, navyo vyombo vya mafundi wa studio volti 1.23, yaani kipimo cha pili chakipita cha kwanza karibu mara nne. Kwa hiyo ukitoa kipaza sauti katika mlango mmoja na kuingiza kinanda mlango ule ule bila kupunguza, sauti hukwaruza na kupasuka. Na ukiingiza kipaza sauti katika mlango wa kinanda, hutasikia kitu.

Kumbukeni tena ya kuwa umeme wa ukutani katika nchi yetu ni volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Huo ni mkubwa kuliko umeme wa kipaza sauti mara maelfu mengi. Ukipenya katika waya wa sauti hata kidogo sana, sisi twausikia kuwa mvumo mzito usiokoma. Adui tunayepigana naye katika somo hili ndiye huyo.

2. Njia ya upande mmoja

Njia ya kwanza ya kupeleka sauti ni ile ya upande mmoja. Waya wake una sehemu mbili tu. Katikati mna uzi mmoja uchukuao sauti. Nje yake mna nyuzi zilizosukwa kama wavu, nazo ni ngao ya kuzuia uchafu wa umeme. Lakini ngao hiyo ina kazi ya pili: ndiyo njia ambayo umeme wa sauti hurudia kwake ulikotoka. Mlinzi huyo amefanywa kuwa mchukuzi pia, na udhaifu wa njia hii umo katika jambo hilo.

Vyombo vya namna hii ni kinanda cha umeme, gitaa, redio, televisheni, simu na kompyuta. Utavitambua kwa plagi zake. Ile jeki nene yenye mstari mmoja mweusi ina sehemu mbili, ncha na shina. Zile plagi ndogo nyekundu na nyeupe, ziitwazo RCA, nazo ni za upande mmoja.

Simu na kompyuta zina jeki ndogo yenye mistari miwili au zaidi, na hapa wengi hudanganyika. Sehemu zake za kwanza ni ncha, pete na shina. Ncha huchukua sauti ya mkono wa kushoto, na pete huchukua sauti ya mkono wa kuume. Hizo ni sauti mbili za upande mmoja zinazokaa katika jeki moja. Yashikeni maneno haya, maana tutayarudia.

3. Njia ya mizani

Njia ya pili mafundi huiita balansi, maana yake mizani. Waya wake una sehemu tatu: nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja ndani, na ngao nje yake. Ngao haichukui sauti tena. Kazi yake ni ulinzi tu. Plagi yake ni ile ya mviringo yenye pini tatu, iitwayo XLR. Pini ya 1 ni ngao, pini ya 2 ni uzi wa moto, pini ya 3 ni uzi wa baridi. Jeki nene yenye ncha, pete na shina hutumika pia kwa njia hii. Ncha ni moto, pete ni baridi, shina ni ngao.

Amplifaya au miksa yenye mlango wa mizani haisikilizi uzi mmoja peke yake. Huupima uzi wa moto na uzi wa baridi pamoja, ikaitoa ile tofauti iliyo kati yao. Fikirini mizani ya sokoni yenye vitanga viwili. Mvua ikinyesha, maji huingia katika vitanga vyote viwili sawasawa, na mtambo wake hausogei. Ukiweka mchele katika kitanga kimoja, mara husogea. Ndivyo ilivyo hapa. Uchafu wa umeme wa ukutani huziangukia nyuzi zote mbili sawasawa, kwa kuwa zimesokotwa pamoja na kupita mahali pamoja. Basi hupimwa kuwa si kitu. Sauti yenyewe imewekwa kwa tofauti kati ya nyuzi, nayo hupita.

Angalieni, mizani haifai ikiwa mkono wake mmoja ni mrefu kuliko wa pili. Vivyo hivyo nyuzi hizi mbili hazina budi kuwa na ukinzani ulio sawa pande zote. Uzi mmoja ukiwa umelegea au umeshika kutu katika plagi, uchafu huingia tena, ingawa waya ni wa mizani.

Maarifa haya si mapya. Simu za kwanza zilitumia waya mmoja tu, na ardhi ilikuwa njia ya kurudia. Zilivuma sana kwa sababu ya umeme mwingine uliopita karibu. Ndipo Alexander Graham Bell alipopata hati yake ya mwaka 1881 kwa ajili ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Tangu siku zile watu huzungumza mbali sana kwa njia hiyo. Nasi Walutheri tumekuwa na kazi ya sauti tangu zamani: Radio Sauti ya Injili ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani ilifunguliwa Addis Ababa mwaka 1963, ikatangaza Neno kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, hata mwaka 1977 serikali ya huko ilipoitwaa.

4. Kwa nini sauti ya mzee ilipotea

Sasa twaweza kueleza habari ya maziko. Waya wa yule kijana ulipeleka ncha ya simu kwa pini ya 2, na pete kwa pini ya 3. Yaani sauti ya kushoto iliingia katika uzi wa moto, na sauti ya kuume katika uzi wa baridi. Simu ilirekodi kwa kipaza sauti kimoja, kwa hiyo kushoto na kuume mlikuwa na sauti ile ile. Amplifaya ikapima: katika kitanga hiki maneno ya mzee, na katika kitanga hiki maneno ya mzee, sawasawa. Ikayahesabu kuwa ni mvua, ikayatupa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kwaya ikipiga wimbo wake uliorekodiwa studio kwa waya wa namna hiyo, mara nyingi utasikia vyombo kwa mbali, na mwimbaji mkuu ametoweka. Mafundi wa studio humweka mwimbaji katikati, sawasawa kushoto na kuume. Ukisikia hivyo, usimlaumu mwenye simu, wala usiongeze sauti. Tazama waya.

5. Mvumo watoka wapi

Kosa la pili lisumbualo makanisa yetu ni mvumo. Huja hasa wakati chombo cha upande mmoja kinapounganishwa na vyombo vya mizani katika nyumba moja.

Tuseme amplifaya iko karibu na mlango mkuu, imechomekwa katika soketi ya hapo. Kompyuta iko karibu na madhabahu, inachajiwa kwa soketi nyingine, na chaja yake ina pini tatu. Kila soketi ina waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, na nyaya hizo hukutana ukutani. Sasa ukivuta waya wa sauti wa upande mmoja toka kompyuta hata amplifaya, ngao yake huviunganisha vyombo hivyo mara ya pili. Imefanyika pete: ukutani njia moja, katika ngao njia nyingine. Umeme wa ukutani huzunguka katika pete hiyo. Na kwa kuwa ngao ndiyo pia njia ya kurudia ya sauti, uchafu huo huongezwa katika sauti, nasi twasikia mvumo.

Kinanda ambacho plagi yake haina waya wa ardhi pengine hakileti mvumo huu. Lakini kompyuta inayochajiwa, televisheni iliyounganishwa na antena, na amplifaya ya gitaa huweza kuuleta.

Kumtafuta mwenye kosa ni kazi nyepesi. Shusha sauti, chomoa chombo kimoja cha kuingiza, kisha pandisha tena. Fanya hivyo kwa kila kimoja. Kile ambacho kikitoka mvumo hukoma, ndicho chenye pete. Ikiwa ni simu au kompyuta, chomoa chaja yake ukutani uitumie kwa betri wakati wa ibada. Mara nyingi dawa ni hiyo tu, nayo haina gharama.

6. Namna ya kuunganisha

Kanuni ya kwanza. Kila chombo kiwe na mlango wake katika miksa. Usisokote nyaya za vyombo viwili pamoja ili ziingie mlango mmoja, maana kila chombo kitasukuma umeme wake ndani ya mwenziwe, sauti zitakwaruza, na vyombo huweza kudhurika. Hata kushoto na kuume za simu moja hazifai kukutanishwa hivyo hivyo. Fundi atie kwanza kizuizi cha omu 1,000 hivi katika kila uzi, kisha azikutanishe baada ya vizuizi. Au kushoto kuingie mlango mmoja wa miksa na kuume mlango wa pili. Hiyo ndiyo njia iliyo rahisi.

Kanuni ya pili. Waya wa upande mmoja uwe mfupi, usipite mita 5 hivi. Waya wa mizani wa kipaza sauti waweza kwenda mita 50 bila taabu. Basi kinanda kikiwa mbali na miksa, usiuongeze waya wake wa upande mmoja. Kigeuze kuwa cha mizani hapo hapo kilipo.

Kanuni ya tatu. Kukigeuza hufanywa kwa boksi la DI. Lililo jema kwetu ni lile lenye transfoma ndani. Sauti huingia upande mmoja wa transfoma na kutokea upande wa pili kwa nguvu ya sumaku, wala waya wa sauti wa huku haugusani na wa kule. Kwa hiyo pete hukatika. Boksi hilo huishusha sauti hata kipimo cha kipaza sauti. Basi liunganishe na mlango wa kipaza sauti kwa waya wa XLR. Lina kitufe cha kuachanisha ngao za pande mbili. Mvumo ukibaki, kibonyeze usikie. Kwa simu na kompyuta liko la milango miwili, kushoto na kuume.

Kanuni ya nne. Ikiwa hamna fedha za boksi, na miksa ina mlango wa mizani wa kipimo cha kinanda, fundi aweza kutengeneza waya ulio bora. Achukue waya wenye nyuzi mbili na ngao. Uzi wa kwanza autoe katika ncha ya jeki ya kinanda hata pini ya 2. Uzi wa pili autoe katika shina la jeki hata pini ya 3. Ngao nayo aishike katika shina upande wa kinanda, na katika pini ya 1 upande wa miksa. Hivyo uchafu hupita katika ngao, na uzi wa pili huieleza miksa hali ilivyo kule kwenye kinanda, ili ipime tofauti iliyo ya kweli. Haishindi transfoma, lakini hupunguza mvumo mwingi.

Kanuni ya tano. Pengine mambo ni kinyume: miksa hutoa sauti ya mizani, na amplifaya ya zamani ina mlango wa upande mmoja. Hapo pini ya 2 huenda katika ncha, na pini ya 1 katika shina. Juu ya pini ya 3, soma kitabu cha chombo. Ikiwa miksa hutoa sauti kwa transfoma, pini ya 3 hufungwa pamoja na pini ya 1. Vyombo vingi vingine vyataka iachwe wazi, maana kuifunga huweza kuvichosha. Usipojua, tumia transfoma katikati, na hutakosea.

7. Mambo ya hatari

Hapa naomba kila mzee wa kanisa asome polepole.

Wako vijana ambao, wakisumbuliwa na mvumo, hukata pini ya ardhi katika plagi, au hulegeza waya wake. Na kweli mvumo hukoma, kwa kuwa pete imekatika. Kwa hiyo hufurahi, na kusema wamepata dawa. Mimi mwenyewe nimekuta plagi ya namna hiyo nyuma ya amplifaya ya gitaa, na mkataji aliionyesha kwa fahari.

Waya wa ardhi haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Uliwekwa kwa ajili ya uhai. Siku waya wa moto ukilegea ndani ya chombo na kugusa bati lake, umeme hukimbilia katika waya wa ardhi, fyuzi hukatika, na chombo huzimika. Pini ikiwa imekatwa, bati lile hubaki na volti 230, na nyuzi za gitaa pamoja nalo, wala hakuna ajuaye. Kijana atalishika gitaa kwa mkono mmoja, kisha midomo yake itagusa kipaza sauti, ambacho kimeunganishwa na ardhi. Umeme utapita katika mwili wake.

Msiseme, hayo hayawezi kutokea kanisani. Mwaka 2005, katika mji wa Waco, Texas, huko Marekani, mchungaji mmoja aliyesimama ndani ya maji ya ubatizo alikishika kipaza sauti, akapigwa na umeme mbele ya washarika wake, akafa. Kwa hiyo kipaza sauti chenye waya kisikaribie maji ya ubatizo kamwe. Na pini ya ardhi isikatwe kamwe. Ukikuta iliyokatwa, chombo kisitumike hata plagi ibadilishwe. Mvumo utafutiwe dawa upande wa nyaya za sauti, kwa transfoma, wala si upande wa umeme wa ukutani.

Hatari ya pili ni ndogo kwa mwili, lakini hudhuru vyombo. Miksa nyingi zina kitufe kilichoandikwa 48V, cha kupeleka volti 48 kwa vipaza sauti vinavyozihitaji. Nguvu hiyo ikiwa wazi, nawe ukaunganisha simu au kinanda kwa plagi ya XLR, waweza kukiharibu chombo. Kizime kwanza. Boksi la DI lenye transfoma hulinda chombo katika jambo hili pia.

Hatari ya tatu ni radi. Nchi yetu ya Tukuyu ni ya mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Ibada ikiisha, vyombo vyote vichomolewe ukutani, na nyaya ndefu zichomolewe katika miksa. Wingu likionekana linakuja, fanyeni hivyo mapema. Radi ikiwa imeanza kupiga karibu, msiende kushika nyaya. Vyombo hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

8. Utaratibu kabla ya ibada

Mwenye kazi ya sauti afike mapema, kabla ya kengele ya kwanza. Kwanza ashushe sauti zote. Pili aunganishe vyombo vyote, kila kimoja katika mlango wake. Tatu awashe kinanda, kompyuta na miksa. Amplifaya iwashwe mwisho. Nne ajaribu kimoja kimoja, asikie. Simu aijaribu kwa maneno yaliyorekodiwa, si kwa muziki tu, maana tumeona ya kuwa muziki waweza kusikika nusu huku maneno yamepotea. Ibada ikiisha, amplifaya izimwe kwanza kabla ya vyombo vingine. Hivyo spika hazitapigwa na mshindo.

Na katika mkutano wa nje wenye jenereta, vyombo vyote vya sauti vitoke katika chanzo kimoja cha umeme, na fundi wa umeme ahakikishe waya wa ardhi kabla watu hawajakusanyika.

Ndugu zangu, Paulo aliwauliza Wakorintho habari ya tarumbeta itoayo sauti isiyojulikana, ni nani atakayejiweka tayari. Sisi wa vikundi vya tarumbeta twalijua neno hilo vizuri. Halimhusu mpigaji peke yake. Lamhusu na yule aketiye nyuma na waya mkononi, ambaye washarika hawamwoni ila siku anapokosa. Mfundisheni, mpeni muda wake wa kujaribu vyombo, wala msimkemee mbele ya watu. Yule mjukuu wa mwinjilisti siku hizi ndiye anayewafundisha wenziwe. Amefunga karatasi katika ule waya wake wa kwanza, nao umetundikwa ukutani nyuma ya miksa, ili kila ajaye aulize sababu.

Maswali ya kujifunza

1. Ngao ya waya wa upande mmoja ina kazi gani mbili, na kwa nini huo ni udhaifu?
2. Eleza kwa mfano wa mizani kwa nini uchafu wa umeme hupotea katika waya wa balansi.
3. Kwa nini maneno ya mzee hayakusikika, ingawa simu ilikuwa nzima?
4. Mvumo umeanza wakati kompyuta ilipounganishwa. Utafanya nini kwanza, kabla ya kununua kitu?
5. Nendeni mkazitazame plagi zote za kanisa lenu. Je, pini za ardhi ni nzima zote? Leteni jibu katika kikao cha wazee kabla ya Jumapili ijayo.